Hakika na Ukomavu wa Imani: Habari za Uamsho wa Afrika Mashariki

Mtaa wa Kiamaiko umo upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, karibu na Huruma na Kariobangi, na tangu mwaka 2013 ni mojawapo ya wadi sita za eneo la ubunge la Mathare. Watu wengi wa Nairobi waujua kwa biashara yake ya mbuzi. Mbuzi hao huletwa kwa malori kutoka nchi kavu za kaskazini, huchinjwa hapo, na nyama yake huenda katika mabucha na hoteli za mji mzima. Wengi wa wachinjaji na wachuuzi ni Waislamu, aghalabu Waborana. Majirani zao ni Wakikuyu, Wajaluo, Wakamba, Waluhya na wengineo, na wengi wa hawa ni Wakristo. Siku ya Ijumaa husikika adhana na hotuba ya msikitini. Siku ya Jumapili husikika nyimbo, nyingine kutoka majengo ya mawe na nyingine kutoka vibanda vya mabati.

Ukipita hapo siku ya Jumapili, msomaji, utasikia maneno yanayorudiwa sana. Mtu asimama na kusema, “Bwana asifiwe.” Kisha asema kwamba ameokoka, tena ataka kutoa ushuhuda. Maneno hayo yamekuwa ya kila siku hata mtu aweza kuyatamka bila kuyafikiri, kama atamkavyo salamu njiani. Lakini kila neno lina safari yake. Maneno haya yalisambaa katika nchi zetu kwa sehemu kubwa kwa njia ya watu ambao waliyasema kwa machozi, na baadhi yao wakayalipia kwa damu. Watu hao waliitwa Balokole katika Uganda, Ahonoki kwa Wakikuyu, na wao wenyewe waliitana ndugu tu. Harakati yao yaitwa Uamsho wa Afrika Mashariki.

Kijana Mkristo aghalabu huwa na maswali mawili moyoni ambayo huona haya kuyauliza. La kwanza ni hili: nitajuaje kwa hakika kwamba imani yangu ni ya kweli, wala si mazoea niliyorithi kwa wazazi? La pili ni hili: kama imani yangu ni ya kweli, mbona hasira yangu ingali ile ile, na uongo wangu, na woga wangu? Swali la kwanza ni la hakika. Swali la pili ni la ukomavu. Watu wengi huyachanganya maswali haya mawili, na kwa sababu hiyo hukata tamaa au hujivuna. Yafaa tuyatazame kwa mwanga wa historia, kwa maana watu waliotutangulia waliyajibu kwa maisha yao. Na kama wewe msomaji si Mkristo, usiifunge kurasa hii. Habari hizi ni sehemu ya historia ya nchi yako, na majirani zako huenda wakawa warithi wa watu hawa.

Mwanzo wa habari watupeleka Rwanda na Uganda. Mwaka 1928 daktari mmoja Mwingereza, John Edward Church, ambaye watu walimwita Joe, alifika kufanya kazi katika hospitali ya misheni huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, karibu na ziwa Muhazi. Wakati huo nchi ilitawaliwa na Wabelgiji, tena ilikuwa katika njaa kali. Watu walikufa njiani. Daktari alifanya kazi mchana na usiku, na mwisho akaona amechoka mwili na moyo. Alikuwa Mkristo, tena mmisionari aliyetumwa kuwafundisha wengine, lakini alijiona mtupu ndani. Mwezi wa Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika. Huko, juu ya kilima cha Namirembe, alikutana na Mganda mmoja, jina lake Simeoni Nsibambi, aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Nsibambi naye alikuwa na kiu ile ile. Wakaketi pamoja siku mbili, wakasoma Biblia na kuomba.

Tazama jambo hili vizuri. Hao wawili hawakuwa wapagani waliosikia Injili kwa mara ya kwanza. Wote wawili walikuwa wamebatizwa, walijua Maandiko, na watu waliwaheshimu. Tena katika siku zile Mzungu na Mwafrika hawakukaa aghalabu kama sawa: mmoja alitoa amri na mwingine alipokea. Lakini katika siku zile mbili kila mmoja alikiri mbele ya mwenzake kwamba amepungukiwa. Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hapo ndipo penye mwanzo wa ukomavu wa imani. Mtu hakui mpaka akubali kwamba bado yu mdogo, na mwenye cheo huona tabu zaidi kulikubali jambo hilo kuliko asiye nacho.

Kutoka pale moto ulikwenda Gahini. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu na mhubiri huko. Yeye aliona kwamba kanisa la Uganda, lililoanza kwa bidii na kwa damu ya mashahidi katika karne ya 19, sasa limelala usingizi. Watu walibatizwa kwa wingi, lakini wengi walipenda jina la Ukristo na elimu yake kuliko mwenendo wake. Mwezi wa Januari 1936 Kigozi alikwenda Kampala kuwaambia wakuu wa kanisa mambo hayo. Aliugua homa huko, akafa akiwa bado kijana. Neno lake la Kiganda, “Zukuka”, maana yake “Amka”, likabaki. Mwaka uliofuata, 1937, kanisa la Uganda lilipoadhimisha miaka 60 tangu kufika kwa wamisionari wa kwanza wa Kianglikana, neno hilo lilikuwa midomoni mwa wengi.

Mwaka huo wa 1937 kundi la ndugu kutoka Rwanda lilisafiri mpaka Kabete, karibu na Nairobi, na hivyo Uamsho ukaingia Kenya. Ulisambaa kwa Wakikuyu na Waembu, ukafika Maseno na nchi za Nyanza. Upande wa Tanganyika ulifika Bukoba na Mara. Tena uliingia katika makanisa mbalimbali, Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti, Walutheri na Wamenoni. Wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, uliimbwa na watu wasiojua Kiganda hata neno moja jingine. Mikutano yao mikubwa ilikusanya maelfu, nao walikula pamoja na kulala pamoja, watu wa makabila ambayo hayakuwa na desturi ya kukaa chungu kimoja.

Sasa hebu tuulize: ndugu hawa walikuzaje imani yao? Hawakuwa na chuo chao, wala ofisi, wala mfuko wa fedha, wala hawakuanzisha kanisa jipya. Walikuwa na mambo machache tu, lakini waliyashika.

Jambo la kwanza lilikuwa ushirika. Kila juma walikutana katika makundi madogo, nyumbani kwa mtu au chini ya mti. Huko kila mmoja alieleza hali yake ya juma lile: hapa nilishindwa, hapa nilisaidiwa. Walikuita kuenenda nuruni, kwa kufuata mafundisho ya waraka wa kwanza wa Yohana. Mtu hakusifiwa kwa kuonekana mwema. Alipendwa kwa kusema kweli.

Jambo la pili lilikuwa malipizi. Aliyeungama wizi alirudisha kitu alichoiba. Karani alirudisha fedha za ofisi. Mtumishi alimwendea bwana wake na sukari aliyoificha. Mume alimwomba mke wake radhi, jambo ambalo wazee wengi waliliona kama aibu. Na wamisionari nao hawakuachwa nje: wako waliosimama mbele ya Waafrika na kuomba msamaha kwa kiburi chao na kwa dharau ya rangi. Kwa watu wa miaka ile, kumwona Mzungu akimwomba radhi Mwafrika mbele ya watu lilikuwa ajabu kubwa kuliko mahubiri mengi.

Jambo la tatu lilikuwa ushuhuda. Mtu alieleza waziwazi siku aliyookoka, na jinsi alivyokuwa kabla yake. Janani Luwum, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Uganda, aliokoka tarehe 6 Januari 1948, naye aliikumbuka siku hiyo maisha yake yote. Twaona basi kwamba ndugu hawa hawakuogopa kusema “najua”. Waliamini kwamba hakika ya imani haimo katika wema wa mtu mwenyewe, kwa maana wema huo hupanda na kushuka, bali katika kazi iliyokwisha kufanywa na Kristo msalabani. Ndiyo sababu waliweza kuungama makosa yao bila hofu. Mwenye hofu ya kukataliwa huficha kidonda chake. Mwenye hakika ya kupokewa humwonyesha tabibu. Basi hakika na maungamo havipingani. Hakika ndiyo iliyoyawezesha maungamo, na maungamo ndiyo yaliyoilea hakika.

Lakini historia ya kweli haifichi makosa ya watu wema. Hakika isiyokomaa huweza kugeuka kuwa majivuno. Mwaka 1941, katika chuo cha wachungaji cha Mukono, Uganda, kulitokea ugomvi mkubwa. Wanafunzi wa Uamsho, miongoni mwao William Nagenda, waliamka usiku wa manane kuomba na kuhubiri. Walipinga mafundisho waliyoyaona kuwa maregevu, na walikemea dhambi za wenzao na za wakubwa wao hadharani. Mkuu wa chuo aliwakataza. Wao wakaona kwamba kumtii yeye ni kumwasi Mungu. Mwisho wanafunzi 26 walifukuzwa. Wengine walisema wameonewa, wengine walisema hawana adabu. Huenda kila upande ulikuwa na sehemu ya haki. Lililo muhimu ni kwamba jambo lile lingeweza kulipasua kanisa vipande viwili, wala halikulipasua. Askofu Cyril Stuart alivumilia, na ndugu nao hawakutoka kwenda kuanzisha kanisa lao. Nagenda hakupata kuwa mchungaji, lakini alibaki mhubiri mashuhuri katika kanisa lile lile hata mwisho wake. Kwa hiyo kukaa pamoja na watu usiopatana nao ni somo gumu kuliko kuwakemea, na aliyelipasi somo hilo amepiga hatua katika ukomavu.

Jaribu kubwa la Kenya lilikuja mwaka 1952. Tarehe 20 Oktoba serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Wakikuyu wengi walikuwa wamenyang'anywa ardhi yao na walowezi. Katika mji wa Nairobi walikaa vyumba vya kubanana, mishahara ilikuwa midogo, na sheria za kipande ziliwafuata kila mahali. Wapiganaji wa Mau Mau walikula kiapo cha kupigania ardhi na uhuru. Serikali ilijibu kwa ukali mkubwa: watu zaidi ya 1,000 walinyongwa, na maelfu kwa maelfu walitiwa kambini bila hukumu. Mitaa ya mashariki mwa Nairobi na bonde la Mathare zilikuwa katikati ya mambo hayo. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzunguka mji, yakapekua nyumba kwa nyumba, na watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini. Nyumba nyingi za Kiamaiko uzionazo leo zimejengwa baada ya uhuru, lakini ardhi iliyo kando ya mto ule imeona mambo mengi.

Katika siku hizo Mkristo wa Kikuyu alibanwa pande mbili. Wapiganaji walimtaka ale kiapo. Serikali ilimtaka ashike bunduki awe askari wa ulinzi. Wengi wa ndugu wa Uamsho walikataa kiapo, wakisema kwamba wamekwisha kufunikwa na damu ya Yesu wala hawawezi kufungwa kwa damu nyingine. Na wako miongoni mwao waliokataa bunduki pia, wakisema kwamba hawawezi kumpiga risasi mtu ambaye Kristo alimfia. Wapiganaji waliwaona wasaliti, na maafisa wa serikali waliwaona watu wasioaminika. Baadhi yao waliuawa nyumbani mwao usiku. Kanisa liliwahesabu kuwa mashahidi.

Yatupasa kusema haki hapa. Wapiganaji wa msituni walikuwa na madai ya kweli, na leo nchi yawaheshimu. Tena wako waliowalaumu ndugu wa Uamsho kwamba waliungama dhambi ya kuiba sukari, lakini hawakusema kitu juu ya dhambi ya kuiba ardhi. Lawama hiyo ina uzito, wala si vema kuipuuza. Imani yaweza kuwa pevu katika mambo ya nyumbani na ikawa changa katika mambo ya nchi. Lakini wale waliosema kwamba ndugu walikataa kiapo kwa sababu walimpenda mkoloni, historia ilikuja kuwajibu.

Jibu hilo lilikuja mwaka 1969, miaka sita baada ya uhuru. Tarehe 5 Julai mwaka huo Tom Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi, na uhasama kati ya Wakikuyu na Wajaluo ukapanda. Wakikuyu wengi walichukuliwa kwa magari kwenda kulishwa kiapo cha kuhakikisha kwamba utawala hautatoka mikononi mwao. Safari hii hakukuwa na mkoloni. Waliotaka kiapo walikuwa watu wa kabila lao, na pengine jamaa zao. Hata hivyo Wakristo wengi walikataa, wengine wakapigwa vibaya, na viongozi wa makanisa wakapaza sauti zao mpaka jambo lile likakoma. Waliokikataa kiapo zamani za Mwingereza walikikataa tena zamani za Mwafrika. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba walichokilinda ni dhamiri yao na undugu wao na watu wa makabila mengine, si utawala wa mtu yeyote. Dhahabu moja ilipita katika tanuru mbili.

Miongoni mwa waliolelewa na Uamsho katika Kenya alikuwa Obadiah Kariuki. Mwaka 1955, hali ya hatari ingali inaendelea, yeye na Festo Olang' waliwekwa wakfu kuwa maaskofu wa kwanza Waafrika wa Kianglikana katika Kenya. Mmoja alikuwa Mkikuyu na mwenzake alitoka upande wa magharibi. Ibada ilifanywa katika kanisa kuu la Namirembe, juu ya kilima kile kile ambapo Joe Church na Simeoni Nsibambi walipiga magoti mwaka 1929.

Tuvuke tena Uganda. Mwezi wa Februari 1977, chini ya utawala wa Idi Amin, Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa baada ya yeye na maaskofu wenzake kuandika barua ya kulalamikia mauaji ya watu. Tarehe 16 Februari aliuawa. Serikali ilisema amekufa katika ajali ya gari, lakini watu hawakusadiki. Rafiki yake Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, ambaye hapo zamani alikuwa mwalimu katika Tanganyika, alikimbia usiku kwa miguu akavuka milima mpaka Rwanda, pamoja na mkewe. Baadaye Kivengere alisimulia kwamba moyo wake ulijaa uchungu juu ya Amin. Alihubiri, aliomba, na bado uchungu ulizidi kuwa mzito. Siku ya Ijumaa Kuu, akiwa kanisani mjini London, alisikia yakisomwa maneno ya Yesu ya kuwaombea msamaha waliomsulubisha, akaona kwamba maneno hayo yamhusu Amin, tena yamhusu yeye mwenyewe. Akasamehe. Mwaka 1977 huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake lasema kwamba anampenda Idi Amin. Alirudi Uganda mwaka 1979 baada ya Amin kuondolewa, akashiriki katika kuijenga nchi, akafariki Nairobi mwaka 1988.

Msomaji, usidhani kwamba mtu kama huyo hakuwa na hasira. Alikuwa nayo, na alikuwa na sababu. Wala hakusema kwamba uovu wa Amin haukuwa uovu. Ukomavu wake ulikuwa katika kuitambua hasira ile, kuitaja kwa jina, na kukataa kuikalisha kitini pa bwana. Tena tazama kwamba wakati huo alikuwa ameamini kwa zaidi ya miaka 30, naye ni askofu, na bado alikuwa na jambo la kujifunza. Basi wewe uliyeamini jana au juzi, ukiona ungali na makosa, usiseme kwamba imani yako ni ya uongo. Mtoto anayejikwaa bado ni mtoto wa nyumba ile. La kuogopesha ni mtoto asiyekua.

Hapa hatuna budi kufika mahali pa kutisha katika habari hizi. Uamsho ulianza Rwanda. Na ni Rwanda hiyo hiyo ambapo, kuanzia tarehe 7 Aprili 1994, katika muda wa siku 100 hivi, watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 hadi 1,000,000 waliuawa, wengi wao Watutsi. Nchi ilikuwa ya Kikristo karibu yote. Waliouawa walikuwa Wakristo, na waliowaua wengi walikuwa wamebatizwa. Watu walikimbilia makanisani wakidhani ni mahali pa salama, wakauawa humo humo. Katika kanisa la Katoliki la Nyamata walikufa maelfu.

Ilikuwaje? Majibu ni mengi, na siasa ya miaka mingi imo ndani yake. Lakini kwa shabaha ya insha hii jibu moja latosha: imani ya wazazi hairithiwi kama shamba. Waliotubu mwaka 1936 hawakuweza kutubu kwa niaba ya wajukuu wao. Tena kanisa lililozoea kukaa karibu na watawala lilisahau namna ya kuwaambia watawala hapana. Nyimbo zilibaki na salamu zilibaki, lakini kwa wengi kabila lilikuwa limeketi juu ya ubatizo. Hata hivyo mashahidi hawakukosekana. Mwezi wa Januari 1964, zamani za mauaji ya Watutsi ya miaka ile, mchungaji wa Kianglikana Yona Kanamuzeyi, mtu wa Uamsho, aliwahudumia watu waliofukuzwa makwao wakakaa Nyamata, ile ile Nyamata tuliyoitaja. Askari walimchukua usiku wakamwua. Na mwaka 1994 nako walikuwako Wahutu waliowaficha Watutsi kwa kuhatarisha roho zao, na wengine waliuawa pamoja nao. Mahali pamoja paweza kuzaa imani pevu na imani bovu, na tofauti yake huonekana siku jirani wa kabila jingine abishapo mlango.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zilizuka Kenya, na watu zaidi ya 1,000 waliuawa. Mathare na Huruma, majirani wa Kiamaiko, zilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia, na watu walihama vyumba walivyopanga kwa sababu ya majina yao tu. Mwaka 2008 viongozi wa Baraza la Taifa la Makanisa Kenya walitoka hadharani wakakiri kwamba makanisa yalikuwa yameegemea upande kwa kufuata makabila, wakaomba radhi. Ndugu wa zamani wangaliitambua sauti ile. Ilikuwa sauti ya kuenenda nuruni, ijapokuwa ilichelewa.

Basi kijana wa Kiamaiko, au wa mtaa wowote mwingine, ajifunze nini? Kwanza, hakika ya imani yaweza kupatikana siku moja, kama ilivyokuwa kwa Luwum, na si kiburi kuwa nayo, mradi imejengwa juu ya Kristo wala si juu ya sifa zako. Pili, ukomavu haupatikani siku moja. Haba na haba hujaza kibaba: ukweli mdogo leo, radhi ndogo kesho, kitabu cha watu kirudishwe, fedha za mama zirudishwe, neno la uongo likanushwe. Tatu, imani haikui peke yake chumbani. Tafuta wenzako wawili watatu ambao waweza kuwaambia kweli, nao wakakuambia kweli wala wasikuchukie.

Nne, na hili ndilo kubwa, usipime imani yako kwa sauti ya nyimbo zako wala kwa wingi wa machozi yako, bali kwa namna unavyomtendea mtu asiye wako. Katika Kiamaiko jambo hili ni jepesi kulipima. Yule Mborana auzaye nyama ni jirani yako, na dini yake si dini yako, je, wamheshimu? Yule wa kabila ambalo nyumbani kwenu lasemwa vibaya akaa ukuta kwa ukuta nawe. Je, siku ya uchaguzi ikifika ataweza kulala usingizi kwa sababu wewe upo hapo? Ikiwa ataweza, basi imani yako inakua, hata kama wewe mwenyewe hukuwa umetambua. Na ikiwa hataweza, ushuhuda wako wa Jumapili hautamfaa kitu, wala haukufai wewe. Ndugu wale wa zamani wangekuambia uanze leo hii, pale ulipo, kwa kumwendea mtu mmoja unayejua kwamba umemkosea.